Namna ya Kuandika Mapitio ya Kitabu cha Mchoraji wa Kisasa kwa Jarida la Fasihi

Mhakiki anayeishi Moshi au Arusha na kutaka kuandika kuhusu vitabu vya wachoraji wa kisasa ana upungufu mmoja na utajiri mmoja, na mwongozo huu nimeuandika ili aujue upungufu wake mapema na autumie utajiri wake bila woga. Upungufu ni kwamba picha zenyewe ziko mbali: nyingi zimetundikwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, nasi tunazifahamu kwa karatasi tu. Utajiri ni kwamba baadhi ya wachoraji wakubwa wa Afrika Mashariki walizaliwa hapa hapa mlimani, na mambo waliyoyachora, kuanzia mgomba hadi kibuyu cha pombe, msomaji wa hapa anayajua kwa mikono yake kabla hajafungua kitabu chochote. Sam Joseph Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, na Elimo Njau alizaliwa Marangu mwaka 1932. Mtu aliyepanda daladala kutoka Machame asubuhi, akabadilisha gari Moshi mjini, anaweza kufika Marangu kabla ya chakula cha mchana akiwa amepita katika mashamba yaleyale ambayo vitabu vya sanaa huyaita kwa jina moja la jumla, yaani mandhari ya Kiafrika.

Ushauri wangu wote unatokana na jambo moja, nalo ni kwamba kitabu cha mchoraji husomwa kwa macho kwanza, kisha kwa akili, na kalamu huja mwisho. Mapitio mengi ninayoletewa na vijana wa hapa yameandikwa kwa kufuata mpangilio wa kinyume: mwandishi amesoma utangulizi wa kitabu, ameurudia kwa maneno yake, na picha amezitaja katika aya ya mwisho kana kwamba zilikuwa pambo.

Kwa nini jarida la fasihi

Wapo wanaodhani kwamba habari za wachoraji ni za majarida ya sanaa peke yake. Historia ya majarida yetu inaonyesha vingine. Jarida la Black Orpheus lilianzishwa Ibadan mwaka 1957 na Ulli Beier, na mtu huyohuyo aliyekuwa akihariri mashairi na hadithi ndiye aliyetoa mwaka 1968 mojawapo ya vitabu vya mwanzo kuhusu sanaa mpya ya bara hili. Transition lilianzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, katika mji uleule ambao Chuo cha Makerere kilikuwa kikifundisha wachoraji wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 jarida hilo lilichapisha tamthilia ya Rebeka Njau, aliyekuwa mke wa Elimo Njau, kwa hiyo kalamu na brashi zilikuwa zinakaa nyumba moja. Baadaye yakaja Chimurenga la Cape Town, mwaka 2002, na Kwani? la Nairobi, mwaka 2003. Jarida la Nka, lililoanzishwa mwaka 1994 na Okwui Enwezor, ni la sanaa hasa, lakini linafaa kusomwa na mtu wa fasihi kwa sababu waandishi wake wengi hujenga hoja polepole, kwa kuitazama kazi moja kwa muda mrefu.

Kabla hujaandika neno lolote, tafuta matoleo mawili au matatu ya jarida unalolikusudia na uyasome mapitio yake yote, hata yale ya riwaya. Utajua urefu wanaoupenda, kiwango cha lugha, na kama mhariri anavumilia nafsi ya kwanza. Jarida la kitaaluma la chuo kikuu litataka marejeo na litapeleka andiko lako kwa wasomaji wengine kabla ya kulikubali. Jarida la wasomaji wa kawaida litataka maneno kati ya 800 na 1,200 yanayosomeka kwa kikao kimoja.

Kuchagua kitabu na kujua ni cha aina gani

Vitabu vya wachoraji havifanani, na kosa kubwa la mhakiki ni kukidai kitabu kile ambacho hakikukusudia kutoa. Upo wasifu, ambao huishi au kufa kwa ukweli wa maisha uliokusanywa. Ipo katalogi ya maonyesho, ambayo ni kumbukumbu ya picha zilizokusanywa ukumbini kwa majira fulani, na hoja yake iko katika uchaguzi wa picha hizo kuliko katika insha zake. Zipo barua na mahojiano: barua za Vincent van Gogh zilizobaki ni zaidi ya 800, nyingi alimwandikia ndugu yake Theo, nazo zinaweza kusomwa kama fasihi hata na mtu ambaye hajawahi kuona picha yake hata moja. Na kipo kitabu cha picha tupu, chenye kurasa chache za maneno mwanzoni, ambacho hakistahili kulaumiwa kwa uchache wa maneno.

Kuna jambo la lugha ambalo inafaa ulimalize mapema. Kwa Kiswahili neno la kisasa hubeba maana mbili: sanaa ya kipindi kilichoanza Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, na sanaa inayofanywa leo. Vilevile kitenzi kuchora hutumika kwa penseli na kwa rangi. Usimwachie msomaji kazi ya kubahatisha. Taja miaka, na taja kifaa.

Kupata kitabu chenyewe ni kazi ya subira. Maktaba ya mkoa ina vichache, na vile vilivyopo ni vya zamani. Wauzaji wa vitabu vya mitumba wa kando ya barabara, Moshi na Arusha, mara kwa mara huwa na katalogi zilizoachwa na wageni, na bei yake ni ndogo kwa sababu mnunuzi wa vitabu vya shule hazitaki. Mimi kitabu changu cha kwanza cha aina hii nilikipata hivyo, kikiwa kimekatwa kwa wembe kurasa sita za picha, na nilijifunza kwa uchungu kuhesabu kurasa kabla ya kutoa fedha. Njia nyingine ni kumwandikia mchapishaji na kumwomba nakala ya mapitio. Mara nyingi atatuma faili badala ya kitabu. Lipokee kwa shukrani, lakini kumbuka kwamba kioo cha simu huzifanya rangi ziwake kuliko zilivyo.

Kutazama kabla ya kusoma

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Kwa siku tatu za kwanza usisome sentensi hata moja ya kitabu. Fungua kurasa za picha mchana, karibu na dirisha au barazani, kwa sababu taa za ndani hubadilisha rangi. Kata kipande cha karatasi nyeupe na ufunike maelezo yaliyo chini ya kila picha ili usiambiwe cha kuona. Katika daftari andika vitu vilivyopo: watu wangapi, wamegeukia wapi, mwanga unatoka upande gani, rangi ipi imeshika sehemu kubwa, mstari gani unaliongoza jicho, na mahali gani jicho lako linakataa kuondoka. Usiandike hisia bado. Hisia ya kweli itakuja yenyewe siku ya pili au ya tatu, nayo itakuwa na ushahidi.

Kisha tafuta vipimo. Kitabu hufanya picha zote ziwe na ukubwa wa ukurasa, na huu ni udanganyifu ambao kila mhakiki wa mbali na makumbusho lazima apambane nao. Guernica, ambayo Pablo Picasso aliichora mwaka 1937, ina kimo cha sentimita 349 na upana wa sentimita 777. Upana huo ni mkubwa kuliko urefu wa Coaster inayokwenda Arusha, ingawa kitabuni picha hiyo hufunikwa na viganja viwili. Kwa upande mwingine, picha nyingi za Edward Saidi Tingatinga zilikuwa za mraba, takribani sentimita 60 kwa 60, ukubwa wa kitu ambacho mtu anaweza kukibeba kwapani hadi kwa mnunuzi. Chukua futi ya kupimia na chaki, uchore mipaka ya picha kwenye ukuta au sakafu, kisha usimame mbele yake ukiwa na kitabu mkononi. Ni zoezi la dakika kumi, lakini limewahi kunifanya nifute aya nzima niliyokuwa nimeipenda.

Baada ya ukubwa ni mata, yaani kitu ambacho picha imetengenezwa nacho. Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, akitumia rangi za enameli, zile za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Rangi hiyo hung'aa, hukauka ikiwa laini kama sahani, na haichanganyiki kwa upole kama rangi za mafuta za wasanii. Ndiyo maana umbo hukaa juu ya rangi ya nyuma likiwa na ukingo mkali. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kinachotengenezwa Uganda, ambacho kina matundu na mishono. Tundu lililo katikati ya picha yake huamua jambo, na mhakiki asiyelitaja atakuwa ameiacha nusu ya picha. Picha ya kitabuni haikuonyeshi mng'aro wala tundu vizuri. Kwa hiyo nenda ukavione mahali vilipo. Arusha kuna vijana wanaochora kwa mtindo wa Tingatinga na kuwauzia watalii. Mwombe mmoja akuruhusu uketi naye nusu saa, uone jinsi anavyopaka rangi ya nyuma na kuisubiri ikauke kabla ya kuweka mnyama juu yake, na umlipe muda wake. Tembelea pia Cultural Heritage, barabara ya Dodoma, ambako utapata uchoraji na uchongaji mwingi mahali pamoja. Unachokitafuta huko ni mazoea ya jicho, ili ukirudi kitabuni ujue karatasi imekunyima nini.

Niseme kosa langu ili lisirudiwe. Katika mapitio yangu ya awali nilisifu kwa aya mbili anga la waridi katika picha fulani na kujenga juu yake hoja nzima kuhusu matumaini. Miezi baadaye niliiona picha ileile katika kitabu kingine, na anga lilikuwa la kijivu. Uchapishaji wa kitabu cha kwanza ulikuwa umekosea rangi. Tangu siku hiyo sijengi hoja juu ya rangi ya picha niliyoiona katika kitabu kimoja tu, na nikilazimika kufanya hivyo ninamwambia msomaji waziwazi.

Maneno ya rangi

Mwandishi wa Kiswahili akifika kwenye rangi mara nyingi hushikwa na unyonge, akidhani lugha yake ni fukara. Siyo kweli hata kidogo. Nyekundu, nyeusi na nyeupe ni maneno ya zamani ya lugha, lakini rangi nyingine tumezipa majina kutokana na vitu, na hiyo ni hazina kwa mhakiki kwa sababu kila jina linabeba kitu kinachoonekana. Damu ya mzee ni nyekundu iliyozama. Maji ya kunde ni rangi ya ngozi ambayo kila msomaji anaifahamu bila kuelezwa. Tuna kijivu kutoka kwenye jivu, zambarau kutoka kwenye tunda, kahawia kutoka kwenye kahawa, na tuna nili, samawati, hudhurungi, rangi ya ugoro, rangi ya maziwa na rangi ya udongo. Ukikosa jina, tumia kitu kilicho karibu nawe: kijani cha jani changa la mgomba kabla halijafunguka sicho kijani cha jani la mkahawa, na tofauti hiyo mtu wa Kibosho ataiona mara moja. Usiandike kijani tu na kupita. Lakini usirundike pia, kwa kuwa majina manne ya rangi katika sentensi moja humchosha msomaji hata akashindwa kuona hata moja.

Mfano wa Ntiro

Tuchukue picha moja ili kazi hii isibaki maneno matupu. Mwaka 1956 Ntiro alichora picha ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na leo imo katika hazina ya Museum of Modern Art, New York. Kwa Kiingereza jina la picha linasema pombe ya ndizi. Mhakiki wa Moshi analo neno lenyewe: mbege. Anajua kwamba hupikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, kwamba magome ya msesewe huipa ukali, na kwamba hutumika katika mazungumzo ya posa na ndoa. Kwa hiyo anaweza kuuliza maswali ambayo mwandishi wa katalogi hakuyauliza: chombo kinachobebwa ni cha namna gani, wanaobeba wamepangwa kwa mpango upi, na mchoraji anataka tuwaone kama watu mmoja mmoja au kama msafara. Mambo haya yasigeuzwe kuwa somo la mila. Yana thamani yakikurudisha kwenye picha, na msomaji akihisi kwamba unajivunia ujuzi wa kijijini bila kuitazama turubai, atakuacha.

Vitabu vingi humweleza Ntiro kwa neno ambalo tafsiri yake ni mchoraji wa kitoto au asiyefunzwa, kwa sababu watu wake ni wadogo, hawana vivuli vizito, na miti yake imepangwa kwa utaratibu. Pima neno hilo kwa ukweli wa maisha yake. Ntiro alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, akaendelea Slade School mjini London, akafundisha, na baada ya Uhuru akawa balozi wa Tanganyika mjini London. Mtu wa namna hiyo alichora hivyo kwa kuchagua, na kazi ya mhakiki ni kuuliza aliuchagua usahili huo kwa sababu gani. Mimi naamini aliuchagua kwa sababu somo lake lilikuwa kazi ya pamoja, kama kuvuna na kujenga, ambamo mtu mmoja hapaswi kumfunika mwenzake. Unaweza kunipinga, ila unipinge kwa picha.

Mwaka 2020 jijini Munich, Ntiro na Njau waliwekwa pamoja na wachoraji wengine wanane wa Afrika Mashariki katika maonyesho yaliyopewa jina la Kiswahili, Mwili, Akili na Roho, yaliyoandamana na maonyesho ya Armitage. Kitabu chochote kinachowataja wawili hao kama utangulizi tu wa wachoraji wa leo kinastahili kuulizwa swali gumu. Na ukipata nauli, panda basi hadi Nairobi kupitia Namanga, uendelee Murang'a, ukaone kanisani michoro mitano ya ukutani ambayo Njau aliimaliza mwaka 1959, inayosimulia maisha ya Kristo katika nchi ya milima na mashamba ya Kenya. Ni picha ambayo huhitaji kitabu kuiona kwa ukubwa wake, na siku moja mbele yake itakunufaisha kwa mapitio kumi.

Kusoma maneno ya kitabu

Sasa soma maandishi yote, kuanzia dibaji hadi faharasa, ukiwa na daftari lako la picha pembeni. Weka alama pale mwandishi anaposema jambo ambalo macho yako hayakuliona, kisha rudi kwenye picha. Ama utaliona na utamshukuru, ama hutaliona, na hapo umepata hoja ya mapitio yako.

Linganisha tarehe. Vitabu havikubaliani kuhusu mwaka aliozaliwa Tingatinga, ingawa 1932 ndio unaotajwa mara nyingi, lakini kifo chake kilitokea mwaka 1972, alipopigwa risasi na polisi Dar es Salaam kwa kudhaniwa mhalifu. Maana yake ni kwamba kazi yake yote ya uchoraji ni ya miaka isiyozidi mitano. Kitabu kinachoonyesha picha za miaka ya 1980 na kuziita zake kinakosea. Zitakuwa za wanafunzi wake au wafuasi wao, ambao mwaka 1990 walianzisha chama cha ushirika.

Kuandika na kutuma

Anza na picha moja, siyo na mwaka wa kuzaliwa. Mweleze msomaji kile unachokiona kwa sentensi tatu au nne, kisha umwambie kitabu kinasema nini kuhusu picha hiyo na kama kinasema kweli. Kutoka hapo utaweza kutanuka kwenda kwenye kitabu kizima. Maisha ya mchoraji yatosheke kwa aya moja, isipokuwa kama kitabu ni wasifu. Nukuu kidogo, na ukitafsiri nukuu sema kwamba tafsiri ni yako. Taja ubora wa uchapishaji, idadi ya picha za rangi na bei, maana msomaji wa hapa anahitaji kujua kama kitabu hicho kinafaa kuchangiwa na watu watano. Hukumu yako iseme wazi. Mapitio ya kwanza niliyotuma yalirudishwa na mhariri akiwa ameandika pembeni swali moja tu, kitabu hiki ni kizuri au hapana, nami nilikuwa nimejaza kurasa nne bila kulijibu.

Kuhusu picha ya kuambatanisha, kuwa mwangalifu. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya msanii hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ntiro alifariki mwaka 1993, kwa hiyo picha zake bado zinalindwa, na kupiga ukurasa wa kitabu kwa simu na kuuchapisha jaridani ni kutumia mali ya familia bila idhini. Jalada la kitabu kwa kawaida wachapishaji huruhusu litumike katika mapitio. Picha ya ndani iombee ruhusa kwa maandishi kupitia mchapishaji, mapema, kwa sababu majibu huchukua wiki kadhaa.

Tuma andiko likiwa na taarifa kamili za kitabu juu kabisa: jina, mwandishi, mchapishaji, mji, mwaka, idadi ya kurasa. Likichapishwa, chapa nakala mbili, moja uiweke ndani ya kitabu chenyewe kabla hujamkopesha mwenzako, na nyingine uipeleke maktaba ya mkoa pamoja na jina la kitabu, ili siku fedha za ununuzi zikipatikana mkutubi awe na mahali pa kuanzia.